Ng'ombe Tisa Zizini kwa Mama Micah

Mara ya kwanza nilipofika kwa Cheruto nilimpa elfu tisini kwa ng'ombe mmoja mweusi, akanicheka.

Ilikuwa Julai 2022. Kazi yangu ni kununua ng'ombe wa maziwa huko juu Keringet na Olenguruone, kuwapakia kwenye lori langu dogo na kuwauza Nakuru na Bahati kwa watu wenye ploti na pesa ya lishe. Nilianza nikiwa mkamuaji wa kulipwa kwenye shamba la mtu Elburgon, kwa hiyo ng'ombe nawajua kutoka upande wa chini, palipo na kazi. Huyo mweusi alikuwa na kiwele kipana na chuchu nne zilizokaa sawa. Nyuma yake zizini walikuwepo wanane wengine, wote wa gredi, chotara wa maziwa mengi, wote wamenona.

"Mama, tisini," nikasema.

"Tisini ya nini?"

"Ya huyu mweusi."

"Kwani amekuambia anataka kuenda?"

"Tisini na tano. Hiyo tano ni ya chai umenipa."

"Chai nakuongeza bure. Ng'ombe hapana."

Nilipanda hadi mia na ishirini. Wakati huo hakuna mtu kwenye mlima ule wote aliyekuwa amekataa mia na ishirini kwangu. Yeye alisimama kwenye lango la zizi na gambuti zake, mkono mmoja kwenye fito, akaniambia hata nikileta benki na meneja wake, ng'ombe haondoki. Hakuwa na hasira. Nikarudi kwenye lori nikijua nimekutana na mwuzaji mgumu kuliko wote, na kwamba siku moja atashuka bei, kwa sababu wote hushuka.

Kabla sijawasha injini akaja dirishani. "Unateremka Nakuru lini?"

"Kila Jumatano."

"Niwekee kiti."

Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yetu. Mimi nilimpa kiti cha mbele karibu kila mwezi, yeye akanipa habari. Aliniambia nani ana ada ya shule imemkaba, nani ng'ombe wake anaonekana mzuri lakini hushika mimba kwa shida, nani ukimwendea jioni baada ya maziwa kupimwa utampata na roho nzuri. Habari zake hazikuwahi kunitia hasara. Watu wa huko walimwita Mama Micah, kwa jina la kifungua mimba wake, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Mbugua, bila mzee wala bwana.

Nakuru alikuwa akienda kudungwa sindano ya jicho.

Sukari ilimshika mwaka wa 2016, na miaka mitano baadaye ikafika machoni. Kuna kliniki huko Milimani ambapo daktari alimdunga dawa ndani ya jicho lenyewe, leo la kulia, safari ijayo la kushoto. Cheruto aliisimulia kama mtu anayesimulia kupukuchua mahindi. "Wanakuambia tazama juu. Halafu unaona kitu kama moshi unaingia kwa maji. Moshi ukiisha, unaona tena." Bila hiyo sindano, daktari alimwambia, damu itavuja nyuma ya jicho kidogo kidogo hadi giza liingie, na giza la namna hiyo halirudi nyuma.

Sindano moja ilikuwa bei ya ndama mzuri. Yeye hakulipa kitu. Mumewe, Kipngeno, alikuwa fundi wa matrekta na pampu katika shamba moja la maua upande wa Njoro, miaka thelathini na moja. Alipofika umri wa kustaafu wenye shamba walimwomba abaki kwa mkataba, maana hakuna mwingine aliyejua pampu zile. Kadi ya bima ya kampuni ilikuwa na jina lake, na chini yake la Cheruto. Bima ya serikali pia ilikatwa kwenye mshahara wake, na mke akahesabiwa humo. Kipngeno alirudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni. Siku tano zilizobaki boma lilikuwa la Cheruto: kukamua saa kumi na moja, kupeleka maziwa kwenye kituo cha ushirika, kukata majani, kukamua tena. Nimemwona akinywa chai mara nyingi, na sijamwona akiinywa ameketi.

Novemba 2024 Kipngeno alianguka karakana asubuhi, spana ikiwa mkononi, na hakuamka. Alikuwa na miaka sitini na minne.

Nilienda mazishi. Watu walikuwa wengi, kampuni ilileta basi mbili, chakula hakikuisha. Micah hakuja, alikuwa Qatar akilinda jengo, na mwajiri wake hakumpa ruhusa. Binti wa Cheruto, Chepkirui, anayeuza mapazia Nakuru, ndiye aliyeshughulikia kila kitu. Nilitoa elfu tatu na nikaona nimetoa vizuri.

Wiki mbili baadaye nilimshusha Mama Micah Milimani kama kawaida, nikaenda kwa mambo yangu. Nusu saa hivi baadaye akanipigia simu nikamchukue. Nilimkuta amesimama nje ya geti na kadi mkononi.

"Imekataa," akasema.

"Mtandao?"

"Mtandao uko sawa. Yule msichana wa kaunta ameijaribu mara tatu. Amesema mwenyewe hayuko."

Kampuni haikufanya ubaya wowote. Barua ilikuwa imetumwa kueleza kwamba bima inakwisha mwisho wa mwezi aliofia mfanyakazi, lakini barua ilikuwa kwenye bahasha moja na rambirambi, na hakuna aliyeisoma hadi chini. Na mafao ya Kipngeno, ambayo yangelipa sindano za miaka miwili, yalikuwa yakisubiri karatasi za urithi kutoka kortini. Mwaka mmoja, waliambiwa. Labda na nusu.

Mimi nikasema bima ni kitu kinachouzwa, na kinachouzwa kina bei. Nikampeleka kwa kijana mmoja anayeitwa Lewis, mwenye ofisi juu ya duka la viatu mjini, anayeuza bima za kampuni kadhaa.

"Umri wa mathe?" Lewis akauliza.

"Sitini na mbili," Cheruto akasema.

"Pole. Hawa wanachukua mpya hadi sitini."

"Andika sitini," nikamwambia.

"Boss, kitambulisho hakiandikwi na mimi."

"Si kuna kampuni zingine?"

"Kuna moja. Hiyo inafika sitini na tano, lakini atapimwa kwanza. Ana shida gani?"

Alipoambiwa sukari na macho, Lewis akaweka kalamu chini. Angeweza kumwandikia bima, akasema, lakini sukari ingebaki nje, na chochote kilicholetwa na sukari.

"Kwa hivyo mnamuuzia bima ya kila kitu isipokuwa ugonjwa alio nao," nikasema.

"Boss, unafanya biashara gani?"

"Ng'ombe."

"Ukipata ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, utamnunua kwa bei ya mzima?"

Cheruto alicheka kidogo, akafunga mkoba. "Twende," akasema. "Huyu kijana ni mwerevu kukuliko."

Ikabaki bima ya serikali. Kwa mtu asiye na mshahara, unaulizwa maswali kuhusu nyumba na mali yako, kisha unaambiwa mchango wako, na unalipa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Januari nyumbani kwa Cheruto akaja Jepkemei, mhudumu wa afya wa kijiji, msichana wa watu wa ng'ambo ya mto, na simu ya kujazia majibu. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja kuona kama mjane sasa angeuza ng'ombe. Majirani wawili wa kike walikuwa wameketi uani wakimsaidia kupukuchua mahindi.

"Kogo, paa ni ya nini?" Jepkemei akauliza. Kogo ndivyo wanavyomwita nyanya.

"Si unaiona? Mabati."

"Ukuta?"

"Mawe. Mzee alijenga na mkono wake."

"Stima?"

"Iko."

"Friji?"

"Iko lakini haifanyi. Naweka nguo za wajukuu."

"Kogo, simu haiulizi kama inafanya."

Majirani wakacheka. Msichana akaendelea: tangi la maji, televisheni, choo. Halafu akauliza, "Ng'ombe?"

Cheruto aliwatazama wale wanawake wawili, na wao walikuwa wameacha kupukuchua.

"Tisa," akasema.

"Wa gredi?"

"Wa gredi."

Simu ilifikiri kwa muda. Jepkemei akasoma: elfu thelathini na moja na mia kadhaa, kwa mwaka, zote pamoja. "Ai, Kogo, kumbe wewe ni tajiri!"

Wanawake wakacheka tena, na mmoja akamwambia Cheruto awanunulie soda. Yeye alicheka nao. Mimi nikaona mlango umefunguka. Walipoondoka nikamwambia wazi: uza mmoja, lipa mchango, Jumatano hii hii tunaenda kliniki, na utabaki na wanane.

Alinisindikiza hadi kwenye lori, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasimama upande wa barabara ili mtu akiwa nyumbani asisikie.

"Mbugua, mimi sina ng'ombe."

Nilidhani anaanza bei.

"Sina hata mmoja," akasema. "Tulikuwa na wetu watatu. Mmoja aliuzwa kumpeleka Micah Qatar. Wawili wamekwenda na mazishi. Hawa tisa ni wa watu."

Nimezunguka Keringet miaka kumi na tisa na nilikuwa nimesikia habari hiyo kwa mbali tu. Wakipsigis wana desturi wanayoita kimanagan. Mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwake. Anampa rafiki wawili, mwingine watatu. Rafiki anawalisha, maziwa ni yake, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na baada ya miaka mwenye ng'ombe humwachia mtamba mmoja kwa shukrani. Zamani ilikuwa kinga dhidi ya ugonjwa na wizi. Siku hizi ni kinga dhidi ya jamaa. Mzee Mosonik alikuwa na watatu pale kwa sababu wanawe wangewauza wakanywa. Mwalimu mmoja alikuwa na wawili ambao hakutaka chama cha mikopo kijue. Mwingine alikuwa mhubiri. Na sharti moja linalobeba mpango wote ni hili: aliyewekewa hasemi. Ukiulizwa ng'ombe ni wa nani, ni wako. Micah hakujua. Chepkirui hakujua. Alijua Kipngeno, akajua mkewe, na sasa amebaki mmoja.

"Sasa mbona hukumwambia yule msichana una sifuri?"

"Mbele ya wale wawili? Kabla ya saa nane ingekuwa imefika sokoni."

"Na mia na ishirini yangu? Ulinikataa kwa sababu hii?"

"Ningekuuzia nini? Mali ya mtu?"

Nikamwuliza mbona ananiambia mimi. Akasema kwa sababu mimi si wa huko. Sina ndugu wala shemeji kwenye mlima ule, na yeye anahitaji mtu mmoja wa kumsaidia kufikiri.

Nikamsaidia kufikiri. Nikamwambia wenyewe wako kimya, mwenye kujua hesabu amekufa, auze mmoja wa mhubiri. Alinitazama, jicho la kushoto tayari limeanza kukosa mahali pa kutua.

Mpango wake yeye ulikuwa kungoja. Rafiki akifa, wenye ng'ombe huja, lakini huja kwa heshima, mvua ikishanyesha na majani yakiwepo, mmoja mmoja, na kila mmoja huacha kitu kwa mjane. Mosonik peke yake angeacha mtamba, alikuwa na hakika. Mtamba angelipa bima, na baada ya hapo msichana angekuja tena kuhesabu na kukuta zizi tupu bila mtu kusema neno.

"Mvua ni lini?" nikamwuliza.

"Aprili."

"Daktari alikuambia unaweza kukosa sindano miezi mingapi?"

"Miwili."

"Ya mwisho ilikuwa Oktoba. Hii ni Januari."

"Najua kuhesabu, Mbugua."

Nilimwambia akate rufaa. Jepkemei alituma rufaa kwa simu, na jibu likaja kwamba naibu wa chifu atafika kuthibitisha. Cheruto alikubali kwa masharti mawili, kwamba atalalamikia friji na televisheni, si ng'ombe, na kwamba mimi nifunge mdomo.

Naibu wa chifu alikuja siku ya Ijumaa, katikati ya Februari. Vumbi lilikuwa jingi, majani yameisha. Kwa kuwa watu wengine pia walikuwa na malalamiko ya bima, aliwaambia wakutane hapo hapo getini kwa Mama Micah, basi wakawa kama watu ishirini. Mimi niliegemea lori.

"Mama, ng'ombe ni ngapi?" naibu akauliza.

"Tisa."

"Simu imeandika ngapi?"

"Tisa."

"Sasa unakata rufaa ya nini?"

"Ya friji."

Watu walicheka hadi naibu mwenyewe akatoa kofia. Akasema friji haiwezi kushusha mchango wa mtu mwenye ng'ombe tisa wa gredi. Akaanza kuandika. Cheruto alikuwa amegeuza kichwa pembeni kama kuku, akimtafuta yule mtu kwa jicho la kulia, na nikajua kwamba la kushoto limekwenda au linakwenda siku hizo hizo, tukiwa tumesimama pale tukizungumzia friji. Kwangu lilikuwa jambo jepesi. Kuna kosa kwenye hesabu, nami najua lilipo.

"Chifu," nikasema, "hawa si wake. Wote ni wa watu. Wamewekwa tu hapa."

Hakuna aliyecheka. Naibu alitazama viatu vyake. Alijua, naamini alijua tangu alipofika getini, na alikuwa akijitahidi asilazimike kuandika.

"Wa nani?" akauliza polepole, maana sasa ilimbidi.

Ningeweza kunyamaza hapo. "Watatu ni wa mzee Mosonik," nikasema.

Mwana wa kwanza wa Mosonik alikuwa amesimama kando ya tangi la maji. Nilimwona akitazama ndani ya zizi, midomo ikitembea, anachagua watatu. Halafu akaondoka, na mwingine akawasha pikipiki.

Cheruto alizungumza nami kwa Kiswahili, si kwa lugha yake, ili sote tuelewe. "Mbugua. Umekunywa chai yangu miaka miwili."

Ikawa ndiyo yote aliyosema. Akaingia nyumbani akafunga mlango, saa nne asubuhi, siku ya kazi.

Kuanzia jioni ile walikuja. Mosonik alikuwa wa kwanza, na fimbo, na hakumsalimu. Hakuna aliyeamini kwamba mimi nilijua kwa akili yangu. Kwao mjane alikuwa ameongea, na mjane aliyeongea haachiwi mtamba. Hakuachiwa hata kamba. Jumatatu zizi lilikuwa tupu, na maziwa yakaondoka na ng'ombe: lita arobaini kwa siku, pesa ya pekee iliyoingia katika nyumba ile.

Sasa niseme sehemu yangu. Ng'ombe waliofichwa wakifichuliwa wakati wa kiangazi hawana pa kwenda. Mosonik hakuweza kuwapeleka nyumbani kwa wanawe. Mwalimu hakuweza kuwafunga uwanja wa shule. Nilikutana nao barabarani, kati ya Keringet na Molo, na nilinunua watano kwa siku tatu kwa bei ambayo sijaiona tena, yule mweusi akiwa mmoja wao. Sikuona haya. Kama nisingenunua mimi, angenunua Odongo wa Salgaa, na Odongo hulipa nusu leo na nusu akijisikia. Lakini watu waliniona nikipakia, na wakajumlisha. Walisema nilipanga tangu mwanzo: kunywa chai, kubeba mjane, kutoa siri, kusubiri na lori chini ya mlima. Nimejaribu kueleza. Hesabu yao inatoka sawa kuliko yangu.

Jepkemei alirudi na simu. Paa, ukuta, tangi, yote yakabaki. Ng'ombe: hakuna. Mchango ukashuka hadi elfu tano na mia sita kwa mwaka. Ushindi ulikuwa wetu, na Cheruto hakuwa na elfu tano na mia sita. Micah hakuwa akishika simu. Chepkirui alikuwa na watoto wawili, kodi ya nyumba na ya kibanda, alituma unga. Majirani wa kupukuchua mahindi hawakuja tena.

Nilienda kumwona Machi. Nilimkuta ameketi. Alinijua kwa mlio wa lori.

"Ulinunua wangapi?" akauliza.

"Watano."

"Kwa ngapi?"

"Sitini na tano kila mmoja."

"Usinidanganye. Wa Mosonik ulimpa hamsini na nane."

"Nani amekuambia?"

"Macho ndiyo yameisha, Mbugua. Masikio bado." Halafu akauliza, "Broka wa Molo akikuletea ng'ombe unampa ngapi kwa kichwa?"

"Elfu mbili."

"Basi nilipe. Watano."

"Mama Micah, broka huniletea ng'ombe."

"Na hawa uliletewa na nani?"

Nikamwambia moja na nusu. Ni mazoea tu. Mdomo ulisema kabla sijaufikiria. Hakukasirika. Alinyoosha mkono, kiganja juu, akauacha hapo hewani, kidogo pembeni ya mahali nilipokuwa. Nikahesabu elfu kumi. Akazipapasa moja moja, akazikunja, akamwita Jepkemei kwa simu aje kumlipia mchango saa hiyo hiyo, kabla unga haujaziomba.

Jumatano tukaenda Milimani. Safari nzima hakuniambia nani anauza ng'ombe. Tulipopita Sachangwan aliuliza kama tumefika Salgaa, ambayo bado ilikuwa mbele. Daktari alizima taa, akamtazama jicho moja, kisha lingine, kisha akarudi kwenye la kwanza. Akawasha taa akasema polepole. La kushoto, ile ngozi ya ndani inayoona ilikuwa imevutwa ikabanduka, na kovu limekaa. Hapo hapana la kufanya. La kulia wataanza sindano upya, na kadi yake mpya itakubaliwa, lakini atakachookoa ni kile kilichobaki. Kilichopotea tangu Oktoba hakirudi.

"Kimebaki ngapi?" Cheruto akauliza.

Daktari akainua vidole mbele ya uso wake. Cheruto akasema vitatu. Vilikuwa viwili.

Wale ng'ombe watano niliwauza Bahati na Nakuru kabla ya Pasaka, na faida ilikuwa kubwa kuliko ya miezi minane iliyotangulia. Nilibadilisha magurudumu yote ya lori. Keringet sinunui tena. Nikisimama getini, mtu anaita mbwa, au anasema ng'ombe ni wa ndugu yake aliyesafiri. Sasa napanda hadi Mau Narok, mbali zaidi, mafuta mengi zaidi, na huko hakuna anayeniambia ni ng'ombe gani hushika mimba kwa shida. Mwaka huu nimenunua wawili wa namna hiyo. Nikipiga hesabu ya miaka mitatu, nadhani nimepata hasara, ingawa sijaandika.

Mama Micah ana kadi iliyolipiwa hadi mwisho wa Februari, na jicho moja linaloona mlango ukiwa wazi. Njia ya mto haioni, jiko la kuni lilimchoma mara mbili, kwa hiyo Chepkirui amemhamishia Nakuru, chumba kimoja nyuma ya soko, yeye na wajukuu. Shamba limekodishwa kwa mtu wa viazi. Bima ikiisha watataka ya mwaka mzima tena, na kodi ya viazi imekwishatumika kwenye karo. Juzi nilipita kwa Chepkirui kununua pazia. Nilimwuliza Februari watafanya nini.

"Mzee Mbugua," akasema, akikata kitambaa bila kunitazama, "hii ni mita tatu na nusu. Unalipa kwa simu au mkononi?"